Ule mguno wa mtoto mchanga sio mafua

Chupa ilinipasukia saa nane usiku, mimba ikiwa ya wiki 31, nikakaa nyumbani mpaka asubuhi eti kwa sababu uchungu ulikua haujaanza. Jamani msingoje. Nilipofika nikachomwa deksamethasoni, ile sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, huwa wanachoma nne kila baada ya masaa 12, mimi nilipata moja tu nikajifungua. Dawa yenyewe inataka kama siku nzima ndo ifanye kazi vizuri, na yale masaa niliyolala nyumbani ndo yalikua masaa yake.

Mwanangu alilia kidogo akaanza kuguna, kila akitoa pumzi anaguna, mbavu zinazama ndani, pua zinatanuka. Mama mkwe akasema mafua hayo. Nesi akamfunua kifua, akaangalia, hakusema neno, akambeba mbio.

Baadae nilisoma sana, ndo nikakutana na habari za daktari mmoja wa Marekani, Mary Ellen Avery. Huyu mama mwenyewe aliugua TB alipomaliza tu kusomea udaktari, na mapafu yakawa ndo shughuli yake. Alipoyaangalia mapafu ya njiti waliofariki akaona hayana povu, wakati mapafu mazima huwa nalo. Mwaka 1959 yeye na mwenzake Jere Mead wakaonyesha kumbe kuna utelezi fulani, unafanya kazi kama sabuni, unazuia vifuko vya hewa visigandane, na njiti anazaliwa bado hajautengeneza wa kutosha. Kwa hiyo kila pumzi kwake ni kama kupuliza puto jipya. Anapoguna anabana koo ili hewa isitoke yote mapafu yakafunga. Nilipoelewa hilo nililia sana, yani mtoto wa saa moja alikua anajipigania na mimi nasikia mafua.

Dawa ya kuwekea huo utelezi haikuja haraka, mwaka 1963 hata mtoto wa Rais Kennedy, Patrick, alifariki kwa tatizo hilohilo akiwa na siku mbili. Wa kwangu alisaidiwa na kitu cha kawaida kabisa, mrija puani unaosukuma hewa, na mrija mwingine umezamishwa kwenye chupa ya maji, maji yanabubujika mfululizo usiku na mchana. Nesi akaniambia mama, ukiona maji yametulia niite, maana hewa inavuja mahali. Siku nne nimekodolea macho ile chupa. Usiku wa pili ikatulia kweli, mrija ulikua umechomoka pua moja, nikaita wakaja.

Sasa we mwenye kichanga nyumbani, awe njiti au katimia, jifunze kuhesabu pumzi. Mfunue kifua akiwa ametulia, halii, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili maana vichanga wanapumua kwa kusitasita. Zikifika 60 au zaidi, rudia. Zikiwa hivyo tena, nenda hospitali. Na ukiona anaguna, mbavu zinazama au midomo imekua ya bluu usihesabu chochote, usipake mafuta, beba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi mpate joto njiani mwende. Hela ya boda iwe imetengwa tangu mimba changa, isiguswe.