Mama Mkunga Anajibu: Maziwa ya Kwanza Yasimwagwe

Mwezi huu nimechagua barua nne kati ya zilizonifikia, kwa sababu zote, kila moja kwa njia yake, zinagusa jambo ambalo limenisumbua tangu nilipoanza kazi ya ukunga: mama huandaliwa kwa ajili ya uchungu, akanunuliwa khanga na beseni, lakini watu watakaokuwa karibu naye baada ya mtoto kutoka hawaandaliwi kabisa. Mara nyingi kunyonyesha hukwama hapo, mama akiwa mzima na maziwa yake yapo.

Mama Mkunga, shikamoo. Nina mimba ya kwanza na kliniki wameniambia nimefikisha wiki 34. Tunaishi na mama mkwe, ambaye ninampenda na kumheshimu. Yeye anasema maziwa ya kwanza ya njano ni machafu, kwamba yakamuliwe na kumwagwa, na mtoto apewe maji ya vuguvugu yenye sukari mpaka maziwa meupe yatoke. Muuguzi wa kliniki anasema kinyume chake. Tena sijui nibebe nini wala niondoke nyumbani wakati gani. — Mama mtarajiwa, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nianze na hayo maziwa ya njano, kwa kuwa mengine yote unaweza kuyauliza kliniki ukajibiwa, lakini hili litaamuliwa nyumbani kwenu, pengine wakati wewe umechoka na huna nguvu ya kubishana.

Maziwa hayo yanaitwa dang'a. Ni mazito, ni machache, na rangi yake ndiyo iliyowafanya wazee wetu wayashuku, kwa kuwa yanafanana na usaha machoni pa asiyeyajua. Ukweli ni kwamba yamejaa kinga ambazo mwili wako umezitengeneza dhidi ya maradhi uliyowahi kukutana nayo, na humsaidia mtoto kutoa kile choo cheusi cha kunata anachozaliwa nacho. Uchache wake si kasoro. Siku ya kwanza tumbo la mtoto hupokea kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo mmoja, basi dang'a imekuja kwa kipimo chake. Maji ya sukari hujaza tumbo hilo dogo bila kumpa kinga yoyote, hupunguza hamu yake ya kunyonya, na yakiwa hayakuchemshwa vizuri au kikombe si safi humletea kuhara. Asali nayo asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kumlegeza misuli hata ashindwe kupumua.

Mtoto awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa na kukaushwa, mfunikwe pamoja kwa khanga, na aanze kunyonya katika muda wa saa moja. Akiachwa hapo kwa utulivu, mara nyingi atalitafuta titi mwenyewe. Kunyonya kwake huufanya mwili wako utoe homoni ya oksitosini, ambayo husukuma maziwa na pia hukaza mji wa mimba, na hivyo hupunguza hatari ya kutokwa na damu nyingi. Ukisikia tumbo likikaza anaponyonya, hasa siku za mwanzo, usiogope. Mwogesheni baada ya saa 24, kwani joto lake hupotea upesi. Na kitovu kiachwe kikavu na safi, bila mafuta, majivu wala dawa ya kienyeji.

Sasa kuhusu mama mkwe. Usibishane naye siku ya kujifungua. Mwombe akusindikize kliniki wiki ijayo, umwambie kwamba yeye ndiye atakayekuuguza na ungependa asikie mwenyewe maelekezo. Nimewaona wazee wengi walioingia kliniki wakiwa na shaka na wakatoka wakiwa watetezi wakubwa wa dang'a kuliko sisi wakunga, kwa sababu walielezwa kwa heshima. Mpe pia kazi ambayo mila yetu inaijua vizuri: kukupikia uji na mtori, kukukanda mgongo, kukulindia usingizi katika hizo siku arobaini. Maji ya kukanda yawe ya uvuguvugu tu, na kama umeshonwa au umepasuliwa, tumbo lisikandwe wala kusukumwa kwa nguvu.

Kuhusu mzigo, kila kituo kina orodha yake, kwa hiyo iombe mapema. Kwa kawaida utahitaji khanga au vitenge kadhaa vilivyofuliwa na kuanikwa juani, pedi kubwa, mpira wa kuzalia, nguo, kofia na soksi za mtoto, sabuni, beseni, kadi ya kliniki na kadi ya bima kama unayo. Chupa ya kunyonyeshea isiwemo. Muhimu zaidi kuliko mzigo ni makubaliano: nani atakusindikiza, nani atabaki na nyumba, fedha ziko wapi, ni usafiri gani utakaopatikana saa nane za usiku, na ni ndugu gani yuko tayari kutoa damu ikihitajika. Hapa Tanzania upo mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga uitwao m-mama, unaopigiwa bila malipo kwa namba 115. Namba hiyo iandikwe ukutani ili kila aliye nyumbani aione. Kama mnaishi mbali na kituo, au umeambiwa mimba yako ina hatari, uliza kuhusu nyumba ya kusubiria kujifungua.

Uchungu wa kweli huja kwa mpangilio, vipindi vyake hukaribiana na kuongezeka nguvu, na hautulii ukitembea au ukilala. Kwa mimba ya kwanza, ukiona unakuja kila baada ya dakika tano na kudumu karibu dakika moja, ondoka. Na kama njia ni ndefu, ondoka mapema zaidi. Chupa ya uzazi ikipasuka, yaani maji yakimwagika ukeni, nenda hata kama huna uchungu, na maji yakiwa ya kijani au ya kahawia waambie mara unapofika, maana huenda mtoto amejisaidia tumboni. Usisubiri hata kidogo ukitokwa na damu, ukiumwa sana na kichwa huku unaona ukungu, ukipata degedege au homa, au ukihisi mtoto amepunguza kucheza. Na nakusihi, mtu yeyote akikuletea dawa ya miti shamba ya kuongeza uchungu, usiinywe. Dawa hizo zinaweza kuubana mji wa mimba bila kipimo mpaka ukapasuka, nasi tumewapoteza wanawake kwa njia hiyo.

Mama Mkunga, mke wangu amejifungua kwa upasuaji, na leo ni siku ya tatu. Mtoto analia usiku kucha, na majirani wanasema maziwa ya mke wangu hayatoshi. Nimeshaulizia bei ya kopo la maziwa ya unga dukani. Je, ninunue? — Baba wa mtoto wa kwanza, Morogoro

Barua hii niliijibu kwa simu siku ileile, kwa sababu mtoto wa siku tatu hawezi kusubiri gazeti. Jibu naliweka hapa kwa ruhusa ya baba huyo, nikiwafikiria wengine waliosimama mbele ya kaunta hiyohiyo.

Ndugu yangu, usinunue kwanza. Maziwa mengi huanza kujaa kati ya siku ya pili na ya nne, na baada ya upasuaji yanaweza kuchelewa kidogo zaidi. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku na usiku, na zipo saa za jioni ambazo atataka titi karibu bila kupumzika. Huko ndiko kuagiza kwake maziwa ya kesho. Titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Likiachwa limejaa, hupunguza kazi. Ukimpa kopo usiku ili mama alale, titi halitanyonywa katika zile saa ambazo prolaktini, homoni inayoliagiza titi litengeneze maziwa, iko juu, kesho maziwa yatakuwa pungufu, nawe utanunua kopo la pili ukiamini kwamba majirani walisema kweli. Maneno "hayatoshi" yamewaachisha watoto wengi titi la mama aliyekuwa na maziwa.

Kilio si kipimo cha maziwa. Hesabu nepi: kuanzia siku ya tano au ya sita, mtoto anayeshiba hukojoa angalau mara sita kwa siku, na choo chake kimeshatoka kwenye weusi kikawa cha njano. Uzito hupungua kidogo siku za kwanza, lakini unapaswa kuwa umerudi ulipokuwa atakapotimiza wiki mbili. Mpelekeni hospitali bila kuchelewa akiwa mlegevu na haamki kunyonya, akiwa na homa au mwili wa baridi, akipumua kwa shida, akipata degedege, au macho na ngozi yake vikiwa vya njano kabla hajamaliza siku moja. Wapo pia akina mama wachache ambao maziwa yao kweli hayatoshi kwa sababu za kiafya; hao hawana kosa lolote, na mtoto wao ataongezewa maziwa kwa maelekezo ya mtaalamu na kwa kikombe kisafi.

Kabla ya yote hayo, tazama jinsi anavyoshika titi. Mdomo uwe wazi kama wa anayepiga mwayo, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ugeukie nje, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iwe kinywani. Akivuta ncha ya chuchu peke yake, mama ataumia, chuchu zitapasuka, na maziwa yatatoka kidogo. Kwa kuwa mkeo ana mshono, mlaze ubavu mtoto akiwa ameelekezwa kwake, au mtoto apakatwe kwapani, miguu ikielekea mgongoni kwa mama, ili asiukanyage mshono.

Kazi yako ni kubwa kuliko kwenda dukani. Mletee mtoto kitandani, mbadilishe nepi, mcheulishe, mpe mkeo maji kila anaponyonyesha, na wageni wanaokuja kutoa hukumu juu ya maziwa yake waage kwa upole. Mama aliyetulia maziwa yake hutiririka. Hofu na maumivu huzuia ile oksitosini niliyoitaja.

Shikamoo Mama. Nimejifungua miezi miwili iliyopita. Shangazi yangu ananionya kwamba tukikutana na mume wangu tutambemenda mtoto. Ni kweli? — Mama wa mtoto wa kike, Dodoma

Marahaba. Mbegu za mwanaume haziingii katika maziwa, na tendo la ndoa haliyachafui. Hata hivyo usimcheke shangazi, kwa kuwa onyo hilo lilikuwa linalinda kitu halisi. Zamani, mama aliyeshika mimba upesi alimwachisha mtoto mapema, na mtoto huyo alidhoofu mbele ya macho ya watu. Wakalipa jambo hilo jina la kubemenda. Kinachotakiwa leo ni kupishanisha uzazi, na Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine.

Kama umepona na umepimwa kliniki, mnaweza kuendelea na maisha yenu ya ndoa. Kunyonyesha kwenyewe huzuia mimba kwa masharti matatu ambayo lazima yawepo kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, tumia njia nyingine. Kijiti, kitanzi na vidonge vyenye homoni moja vinafaa kwa anayenyonyesha. Vidonge vya homoni mbili visubiri mpaka mtoto atimize miezi sita.

Mama Mkunga, ninafanya kazi dukani kwa mtu, Dar es Salaam, na likizo yangu inakwisha wiki tatu zijazo. Mtoto hana hata miezi mitatu. Nimeambiwa nimwanzishie uji ili azoee. Nifanye nini? — Mama mfanyakazi

Uji usubiri, dada yangu. Mpaka atimize miezi sita mtoto hahitaji hata maji, kwa kuwa maziwa yako yana maji ya kumtosha hata kwa joto la Dar es Salaam. Baada ya hapo ataanza vyakula laini huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya malipo ya siku 84, au siku 100 ukijifungua mtoto zaidi ya mmoja, na pia inamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Waajiri wengi hawaijui sehemu hiyo ya mwisho, na wafanyakazi wengi hawaiombi. Iombe kwa maandishi kabla hujarudi, ukipendekeza saa unazotaka. Ukiishi karibu na duka, mtoto anaweza kuletwa au wewe ukaenda. Wasomaji wetu wa Kenya nao wana Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayomtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea.

Kwa saa zinazobaki, anza leo kujizoeza kukamua. Nawa mikono, tumia chombo chenye mfuniko kilichochemshwa, weka kidole gumba na cha shahada nyuma ya weusi wa titi, sukuma kuelekea kifuani kisha bana, bila kuteleza juu ya ngozi. Siku za mwanzo utapata kidogo. Usikate tamaa, mkono hujifunza. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25, na kwa kuwa nyumba nyingi za Dar es Salaam zina joto kuliko hilo, yawekwe kwenye jokofu, ambako hukaa hadi siku nne, au kwenye chombo chenye barafu. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, yasiwekwe motoni. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kidogo, akiwa amemkalisha wima, na mazoezi hayo yaanze siku chache kabla hujarudi kazini, wewe ukiwa chumba kingine. Ukirudi jioni, mpe titi kabla ya jambo jingine lolote, na usiku mlale karibu ili anyonye kadiri atakavyo.