Picha moja kila siku, ukiwa mjini na ukiwa kijijini

Watu wakijua napiga picha kila siku swali la kwanza ni "unatumia kamera gani?" na mi najibu simu, simu ya kawaida tu ya megapikseli 12, kamera kubwa ninayo ila inatoka kabatini siku za shughuli. Watu hawaachi kwa sababu ya kifaa. Wanaacha kwa sababu kila asubuhi wanaanza upya kujiuliza leo nipige nini, na ukijiuliza hivyo huku unawahi kazini jibu ni hakuna, kesho hakuna tena, wiki imeisha. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja na mengine yote yanatokea hapo: amua kabla. Amua sehemu, amua saa, halafu ifunge picha yako kwenye kitu ambacho utakifanya tu hata siku hujisikii.

Kwangu mimi nikiwa Dar ni kituo cha daladala. Pale lazima nisimame, nipende nisipende, na nikisimama nina dakika kadhaa ambazo zamani nilikuwa naperuzi simu tu. Pembeni ya kituo kuna mzee anauza kahawa, ana dele lake juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo vimelowekwa kwenye ndoo ya maji, kashata kwenye sahani, na huyo mzee ndiyo somo langu la kila siku. Sio sura yake kila siku, hapana, leo mkono wake unamimina, kesho ndala za wateja waliokaa kwenye benchi, keshokutwa magazeti waliyoshika, siku ya mvua turubai alilofunga kwenye nguzo. Utadhani kitu kimoja kinachosha lakini ni kinyume chake, ukiwa na kitu kimoja macho yanaacha kuhangaika na yanaanza kuona vitu vidogo.

Mfano mvuke wa kahawa. Nilikuwa nauona kwa macho kila siku ila kwenye picha hautokei, mpaka nikaelewa kwamba mvuke unataka mwanga utokee nyuma yake na kule nyuma kabisa kuwe na giza. Ukisimama na jua mgongoni kwako unapotea wote. Sasa nazunguka upande wa pili, jua la asubuhi linabaki nyuma ya dele, kwa mbali kule kuna duka ambalo halijafunguliwa bado na kivuli chake ni cheusi, hapo mvuke unatoka mweupe unasokota mpaka raha. Ujanja huo huo unafanya kazi kwa vumbi, kwa moshi wa mishkaki, kwa mvua, kwa pumzi za watu kule milimani asubuhi ya baridi.

Tukiwa hapo hapo kwenye mwanga, sisi wa huku karibu na ikweta tunatakiwa tuwe na adabu na jua. Linachomoza haraka na linazama haraka, Dar linatoka kati ya saa 12 kasoro na saa 12 na nusu na ushee asubuhi kutegemea na mwezi, na ukifika saa 3 tu limeshakuwa kali. Mwezi wa 3 na mwezi wa 10 saa 6 mchana linakaa utosini kabisa, ukimpiga mtu nje macho yake yanakuwa mashimo meusi mawili. Kama saa yako ya bure ni mchana usikate tamaa, mwite mtu barazani au chini ya mwembe, kivuli kilicho wazi pembeni kina mwanga mzuri sana. Na kitu kingine muhimu kwa ngozi zetu, mtu akiwa na kanzu nyeupe au amesimama mbele ya ukuta mweupe simu inadanganyika, inapunguza mwanga wa picha nzima na uso unakuwa giza. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha vuta kile kijua kidogo kinachotokea hapo kwenda juu kidogo. Nguo itaungua kidogo, yani itakuwa nyeupe kupita kiasi, sawa, uso wa mtu ni muhimu kuliko shati.

Sasa watu. Mjini watu wana haraka na wana wasiwasi, na wana haki, hawajui picha yao inaenda wapi. Mi kwa yule mzee nilianza kwa kunywa kahawa, siku nyingi tu, kabla sijaomba. Nikamwambia "shikamoo mzee, naomba niwe napiga picha za biashara yako, nitakuletea uzione", akasema piga tu mwanangu ila hawa wateja waulize wenyewe. Na ndivyo nafanya, nauliza, akikataa naweka simu chini na simnung'unikii. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo sura ya mtu kuirusha mtandaoni sio jambo la kuchezea, na watoto ndiyo kabisa, mpaka mzazi aseme. Pia angalia lenzi inaelekea wapi. Ukienda Feri, soko la samaki la Dar, kupiga samaki na boti utapata picha nzuri mno, lakini pale ni jirani na Ikulu, na sehemu kama hizo pamoja na kambi za jeshi na vituo vya polisi huwa hazipigwi. Geukia baharini, kuna vya kutosha.

Sasa nikienda nyumbani Lushoto mambo yanabadilika na hapa ndipo wengi wanapokatika. Kwenye basi ni rahisi bado, unapita Chalinze, Segera, Korogwe ile mistari ya mkonge inakimbia dirishani (bandika simu kabisa kwenye kioo, ziba pembeni kwa mkono, kile kiakisi cha sura yako kinapotea), ukifika Mombo unaanza kupanda kona za Soni na hapo kila kona ni picha. Shida ni kesho yake. Kituo hakipo, mzee wa kahawa hayupo, saa yako uliyozoea haina maana, na kila unachokiona umekiona tangu utoto, kwa hiyo unapiga milima siku ya kwanza, ukungu siku ya pili, siku ya tatu huna kitu. Usijaribu kuhamishia ratiba ya mjini kijijini. Tafuta kitu cha kule ambacho kina saa yake, kukamua ng'ombe, maji, gulio, chai ya jioni. Mi nimechagua mlango wa jikoni kwa bibi.

Jiko lake liko nje ya nyumba kubwa, la matofali, ndani ni jeusi kwa moshi wa miaka mingi, lina mlango mmoja na hakuna dirisha. Mchana anakaa pale kizingitini na ungo, anachagua maharage kwa ajili ya kubandika, mbovu anazirusha nje kuku wanagombania. Mwanga wote unatoka upande mmoja, ule wa mlangoni, na nyuma yake ni giza tupu, yani mtu angelipa hela studio kupata mwanga ule. Upande mmoja wa uso unaona kila mkunjo, upande wa pili unamalizikia gizani. Mi nakaa nje kwenye kigoda usawa wake, sisimami, ukimpiga mtu mzima kutoka juu anaonekana mtoto na mi sitaki bibi yangu aonekane hivyo. Afu sipigi mara moja. Nachagua maharage na mimi. Kijijini ukitoa simu kabla hujasalimia na kukaa unaonekana mgeni, na ukikaa, ukauliza habari za shamba na za wagonjwa, wanasahau hata kama umeishika.

Na warudishie picha, jamani. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu tumepiga picha za wazazi wetu elfu na kenda na zote ziko kwenye simu zetu sisi, wao hawana hata moja. Nikirudi mjini nasafisha chache, size ya kawaida tu ya albamu, nampa mtu wa basi au mtu anayepanda. Bibi amezibandika juu ya kabati la vyombo na akija mgeni lazima azione. Pale Zanzibar mtaa wa Kenyatta kuna Capital Art Studio, aliianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, ukiingia ukaangalia zile picha za zamani utasimama muda mrefu, na nyingi ni watu tu, mitaa tu, siku za kawaida tu. Siku ile alipobonyeza zilikuwa za kawaida kama hizi zetu. Soko kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 nikaanza kuuliza jamaa zangu ambao walikuwa wanapita pale kila siku nani ana picha ya ndani, karibu wote hawakuwa nayo. Ndiyo maana nasema piga kituo chako, piga duka la Mangi, piga jiko la bibi.

Siku zitapita hujapiga, ugonjwa, msiba, umeme umekatika chaji imeisha. Usifidie kwa kupiga tatu kesho. Anza na ya siku hiyo basi. Na usiku pia unaruhusiwa, kikombe karibu na taa ya mezani ni picha halali kabisa, mi ninazo nyingi za hivyo na baadhi nazipenda kuliko za mchana.

La mwisho ni kutunza. Kila usiku chagua moja, futa zingine za siku hiyo, usiogope. Picha moja ya simu inakula kama MB 3 mpaka 5, kwa hiyo moja kwa siku mwaka mzima haifiki GB 2, hata bando dogo linaweza kuzipandisha. Ile hifadhi ya bure ya Google ni GB 15 tu na barua pepe zako zimo humo humo, usiitegemee peke yake. Wala usihifadhi kwa kujitumia WhatsApp kama picha, inazibana sana, tuma kama dokumenti. Mi kila mwisho wa mwezi nazihamishia kwenye diski, foda moja kwa kila mwezi, na diski ya pili inakaa Lushoto kwa dada yangu, nikienda nazibadilisha, ile iliyojaa vitu vipya inabaki kule na ya kule nakuja nayo.