Akitoka soba, anarudi wapi?

Watu wanaiogopa arosto, yaani maumivu yanayompata mtumiaji akikosa unga, kupita kiasi. Ni mateso kweli: kamasi, kutapika, kuharisha, mifupa inavunjika, usingizi hakuna. Lakini arosto ya heroini huanza saa chache baada ya kete ya mwisho (kete ni kile kipakiti kidogo cha unga), hupamba moto siku ya pili na ya tatu, na kwa wengi wiki ikiisha imeshalegea. Kama tabu ingekuwa ni hiyo tu, kila teja aliyekaa mahabusu mwezi mmoja angetoka mzima. Nyote mmewaona wanaotoka asubuhi na jioni wako maskani.

Naandika kama dada mtu. Mdogo wangu alitumia unga miaka mingi Temeke, mwisho familia ikachanga akapelekwa soba, yaani nyumba ya upataji nafuu ya wanaoacha unga, huko Unguja. Akarudi mwezi wa Rajabu amenawiri, anaswali, anatania watoto. Akapewa chumba chake kilekile, dirisha linatazama kituo cha daladala alichokuwa akipigia debe. Mfungo Mosi ikamkuta ameshaanza tena.

Nikamuuliza kilichotokea, nikitegemea kusikia habari za rafiki mbaya. Wala. Alikuwa amepata kibarua cha ujenzi, Jumamosi fundi akamlipa taslimu. “Dada, zile noti ziliponigusa mkono tu, tumbo likakoroga, nikataka choo. Kabla sijawaza chochote.” Waliopitia watakwambia jambo hilohilo: mwili umeshazoea kwamba baada ya hela inakuja kete, kwa hiyo ukiona hela unaanza kujitayarisha wenyewe. Kwa mwingine ni harufu ya kokteli, ile sigara iliyochanganywa na unga, au sauti ya mtu fulani, au kona fulani ya mtaa. Na si huzuni peke yake inayomrudisha mtu. Sikukuu, harusi, mshahara wa kwanza, hata ushindi wa timu yake. Furaha nayo alizoea kuisherehekea kwa unga. Sana sana ni ule mchana mrefu usio na kazi.

Dawa ya zile noti aliitoa mwenyewe. Alimwomba fundi awe anamtumia mama malipo yake kwa simu, yeye anachukua kidogo kidogo. Ingekuwa ni sisi tumemwamrisha hivyo, asingekubali, na angekuwa na haki.

Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilishikwa na hofu baada ya kubainika kwamba askari wake wengi walioko Vietnam walikuwa wanatumia heroini. Mtafiti Lee Robins akawafuatilia waliorudi. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa tegemezi kule. Watu walingoja balaa, lakini katika hao waliokuwa tegemezi, ni kama asilimia 5 tu walionaswa tena katika mwaka wao wa kwanza nyumbani. Walikuwa wameachia unga kulekule walikouzoea, wakarudi kwa mama zao, kwenye mitaa ambako hakuna kona iliyowakumbusha chochote. Sisi tunafanya kinyume chake kabisa. Tunamtoa kijana mtaani, tunamvusha bahari akasafishwe, kisha tunamrudisha palepale. Ndiyo maana nasema swali la kuuliza kabla hamjalipa hata shilingi ya soba ni: akitoka anarudi wapi, na kufanya nini? Kama kuna mjomba Morogoro mwenye shamba au gereji, zungumzeni naye mapema. Kama hakuna, basi angalau abadilishwe chumba, abadili namba ya simu, na apatiwe shughuli ya kumtoa nyumbani asubuhi.

Nyumba yenyewe nayo ina mambo yake. Kwetu ilipotea chaja ya mama. Hakuna aliyesema neno, macho yote yakamgeukia yeye. Ikaonekana jioni chini ya godoro la mpwa wetu, na mazungumzo yakaendelea kama hakuna kilichotokea. Nilimwona anavyokula siku ile, ameinamia sahani. Mtu anayeitwa mwizi akiwa safi anajiuliza usafi una faida gani. Siwaambii muache pochi mezani. Aliiba kweli, na imani hairudi kwa mkupuo. Lakini ukimshuku ukakuta si yeye, mwombe radhi mbele ya walewale waliomtazama. Na zile hadithi za jinsi alivyouza sufuria za shughuli, zinazowachekesha sana mashemeji, zikomeshwe. Kwa wanawake hali ni ngumu zaidi: wengi waliingizwa na mwanamume waliyekuwa naye, na wakitaka kuacha, kwao mlango umefungwa, aliyebaki kuwapokea ni huyohuyo mwanamume.

Akiteleza, saa za mwanzo ndizo muhimu. Mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Marekani alieleza kwamba kinachomzamisha mtu mara nyingi ni yale anayojiambia baada ya kuonja mara moja: nimeshaharibu, mimi ni teja tu, liwalo na liwe. Familia ikija juu na “maji yakimwagika hayazoleki”, imempigia mhuri. Usimfukuze usiku huo. Muulize kwa utulivu siku ile ilikuwaje tangu asubuhi. Kichochezi kimo humo.

Kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Aliyekaa safi miezi kadhaa mwili wake hauhimili tena kipimo cha zamani. Akirudia kile alichokuwa akitumia, pumzi inaweza kukatika. Ukimkuta anakoroma ajabu, haamki, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu, usimnyweshe maziwa wala chochote, mkimbize hospitali na useme ukweli ametumia nini.

Mwisho methadoni, dawa inayotolewa hospitali badala ya heroini. Majirani watasema amebadilisha unga kwa unga. Waacheni. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na hospitali nyingine, na Unguja ipo Kidongo Chekundu. Ni dawa ya maji, mtu anainywa mbele ya mhudumu, inamshikilia siku nzima bila arosto na bila kulewa, kwa hiyo anaweza kwenda kazini. Tatizo ni kwamba, hasa mwanzoni, lazima afike kliniki kila siku, na getini wapo wenzake wa zamani, wengine wakiuza. Miezi ya mwanzo mtu amsindikize, wakimaliza waondoke hapohapo. Halafu nauli. Nimeona familia zilizolipa soba miezi mitatu bila kunung'unika, zikashindwa nauli ya daladala ya kwenda na kurudi kliniki. Hiyo iwekwe kwenye bajeti ya nyumba pamoja na mkaa na luku.