Vuta kidogo, toa taratibu: maswali yenu ya yoga na pumzi

Toleo lililopita niligusia pumzi kwa aya mbili tu nikajua yameisha, kumbe nimechokoza mzinga. Meseji zimekuja mpaka nimechanganyikiwa nianze na ipi. Mengi yanafanana kwa hiyo nimechukua machache, kama swali lako hulioni hapa soma tu, jibu lako utalikuta kwa jirani.

Mwalimu habari za kazi. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanza, nafunga saa mbili usiku. Nikilala mwili umechoka ila kichwa bado kinapiga hesabu za madeni, alafu nashtuka saa tisa usiku na usingizi ndio kwaheri. Rafiki kaniambia nifanye yoga lakini mimi hata kugusa vidole vya miguu siwezi. Nifanyeje?

Nzuri ndugu yangu, pole na hayo madeni. Vidole vya miguu viache hukohuko viliko, havina shida na wewe. Watu wakisikia yoga wanaona mtu kajifunga fundo, wakati kwa mafundisho ya zamani ya mwanazuoni Patanjali kule India mikao ni hatua moja tu kati ya nane, na inayofuata baada ya mikao ndio pumzi, wenyewe wanaita pranayama. Wewe anzia hapo hapo kwenye pumzi.

Kabla ya kulala lala chali karibu na ukuta, miguu iegemeze juu ukutani, chini ya kiuno weka kanga iliyokunjwa. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja mpaka nne, toa kwa pua ukihesabu moja mpaka sita. Usijaze kifua kama mtu anayetaka kupiga mbizi, vuta kidogo tu, tumbo ndio liinuke. Hapo pumzi moja inachukua kama sekunde kumi, yaani pumzi sita kwa dakika, wakati mtu mzima akiwa ametulia kawaida anapumua mara 12 mpaka 20. Dakika tano zinatosha.

Kama huniamini shika mapigo yako hapo kwenye kifundo cha mkono. Ukivuta pumzi moyo unakimbia kidogo, ukitoa unapunguza mwendo. Haya sio maajabu, kuna mshipa mrefu wa fahamu unaitwa vagasi unashuka kutoka kwenye ubongo mpaka kifuani na tumboni, na kazi yake mojawapo ni kama breki ya moyo, sasa kila ukitoa pumzi breki inakanyagwa. Ndio maana kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kwani sisi wenyewe tukipata habari njema tunasemaje? Nimeshusha pumzi. Na kupumua na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja, mi hii kitu huwa inanifurahisha sana.

Hiyo saa tisa ukishtuka simu usiiguse, fanya bhramari, jina limetoka kwa nyuki: ziba masikio kwa vidole, funga mdomo, kila ukitoa pumzi unavuma mmmmm mpaka iishe. Mara sita saba. Mwenzio akiuliza mwambie ni maelekezo ya gazetini. Ila kama unakoroma kwa nguvu alafu unakatika pumzi usingizini, au hali hii imevuka wiki kadhaa, nenda hospitali, hapo mambo ya nyuki hayakuhusu.

Asalaam aleikum. Niko Tanga, binti yangu anafanya yoga na wenzake chuoni na bibi yake kakasirika anasema ni ibada ya Kihindi. Mimi niko katikati. Je ni dini au sio dini?

Waaleikum salaam dada. Mimi sio sheikh wala padri kwa hiyo hukumu siitoi, nakueleza tu ilivyo. Bibi hajakosea kabisa, yoga imezaliwa ndani ya dini za India, na ndani yake kuna mantra, yaani maneno ya kiroho ya kurudiarudia, na kuna kutafakari kwenye lengo la kiroho. Anayekwambia ni mazoezi tu tangu mwanzo anakudanganya.

Lakini Waislamu wenzetu duniani wameshalijadili sana. Malaysia mwaka 2008 baraza lao la fatwa liliipinga, Waziri Mkuu wa wakati huo akaja kusema mazoezi ya mwili bila zile mantra hayana tatizo. Mwaka uliofuata wanazuoni wa Indonesia nao wakakataza ile yenye ibada na mantra, ya mazoezi matupu wakaiacha. Alafu Saudi Arabia yenyewe, Novemba 2017, wakaiandikisha kama shughuli ya michezo, na mama aliyeipigania miaka mingi huko, Nouf Marwaai, mwaka uliofuata serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri. Kwa hiyo mkae na binti mumuulize swali moja, huko darasani mnasema nini na mdomo? Kama ni kunyoosha mgongo na kupumua, bibi anaweza kupoa, na kama kuna maneno wanayarudia basi muulizeni sheikh wenu sio mimi.

Nikuongezee kitu kidogo. Mwaka 2001 watafiti wa Italia waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini na wakisema mantra, na kwa yote mawili pumzi zikashuka mpaka karibu sita kwa dakika, bila mtu kuambiwa apumue taratibu. Mwili ulikuwa unaitikia mwendo wa maneno. Nikisoma hiyo namkumbuka marehemu babu yangu na tasbihi yake baada ya alfajiri, alikuwa hana haraka na dunia.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 58 na natumia dawa za presha. Mjukuu kanionyesha vidio TikTok mtu anapumua haraka haraka anapigapiga tumbo, anasema inasafisha mwili. Nilijaribu nikaona kizunguzungu, midomo na vidole vikawa vinawasha kama ganzi. Ni sumu inatoka?

Shikamoo wewe mama yangu, umenizidi mbali. Hapana, hakuna sumu iliyotoka, na tafadhali usirudie tena.

Ulichofanya kinaitwa kapalabhati. Ukipumua haraka vile unatoa hewa ya kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa. Tunadhani ile ni takataka tu lakini damu inaihitaji kwa kiasi, ikipungua ghafla mishipa ya kichwani inabana, damu inayofika kwenye ubongo inapungua, ndio hicho kizunguzungu. Na asidi ya damu ikishuka hivyo neva zinasisimka, ndio hiyo ganzi ya midomo na vidole. Mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa, ngiri au mimba hiyo kitu asiiguse. Na ile mikao ya kusimama kichwa chini miguu juu nayo iache, hasa kama macho yako yana shida ya glakoma, yaani presha ya jicho.

Kinachoniudhi ni kwamba wenyewe wa zamani walishaonya. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinasema pumzi ifugwe polepole kama wanavyofugwa simba na tembo, ukiiharakisha inamuua mwenyewe. Na kapalabhati wameiweka kwenye kundi la usafishaji, sio hata kwenye pranayama. Leo mtu ana kamera na taa ya duara tayari ni guru.

Wewe mama kaa kwenye kiti, mgongo wima, nyayo chini. Mkono wa kulia, kidole gumba kizibe tundu la pua la kulia, vuta kwa kushoto. Sasa ziba kushoto kwa kidole cha pete, achia kulia, toa huko. Vuta hapohapo kulia, ziba, toa kushoto. Hiyo ni raundi moja, fanya sita mpaka nane, na usizuie pumzi kati kati, hata sekunde. Ukiona kichwa kinazunguka unaacha unapumua kawaida. Ukiwa na mafua usifanye, utahangaika bure na pua iliyoziba. Dawa zako unaendelea kumeza kama kawaida, mwambie na daktari umeanza hiki kitu. Asije mtu akakwambia pumzi inatosha ukaacha vidonge, huyo mfukuze na kiti chake.

Mwalimu tuseme ukweli, yoga si mambo ya wadada na wazungu? Mimi dereva wa lori, nikikaa kwenye mkeka washkaji watanicheka.

Kaka historia inakucheka wewe. Miaka ya 1930 kule Mysore, India, mwalimu wa yoga Krishnamacharya alikuwa anafundisha vijana wa kiume kwenye jumba la mfalme, na alipokuja mwanamama wa Ulaya, Indra Devi, kuomba afundishwe, kwanza alikataliwa kwa sababu ni mwanamke na ni mgeni. Akang'ang'ania mpaka akapokelewa. Na Nairobi kuna Africa Yoga Project tangu 2007, nenda kawaone walimu wao, vijana wa kiume wa mtaani wamejaa humo.

Kwako mgongo ndio mali. Ukisimamisha gari mizani, shuka, shika ubao wa nyuma wa lori kwa mikono miwili, rudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo unyooke kama meza, pumua mara kumi. Washkaji watadhani unakagua tairi.

Lazima ninunue ule mkeka wa plastiki? Bei yake imenishinda.

Hapana. Jamvi linatosha ukiwa umekaa au umelala. Kwa kusimama sakafu kavu na miguu peku, ila soksi zitakuangusha.

Nifanye kabla ya kula au baada? Mimi nakula saa mbili, ugali wa nguvu.

Kupumua taratibu fanya muda wowote, hata mkiwa bado mezani. Kujikunja subiri masaa mawili matatu, ugali ukigeuzwa kichwa chini unarudi ulikotoka.