Maswali ya Wasomaji: Mbona Marekani katiba za majimbo zinabadilishwa ovyo ila ya taifa haiguswi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kila Marekani wakipiga kura naskia jimbo flani limebadilisha katiba yake, lakini ile ya taifa iko vilevile miaka nenda rudi. Si nchi moja hiyo? Ugumu uko wapi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Ugumu uko kwenye nani lazima akubali. Katiba ya taifa inataka kwanza theluthi mbili ya Baraza la Wawakilishi na theluthi mbili ya Seneti, ukishavuka hapo bado majimbo 38 kati ya 50 yaridhie, yaani majimbo 13 yakigoma, hata yawe ya watu wachache kabisa, imekwisha. Ndo maana tangu 1789 wana marekebisho 27 tu, na 10 kati ya hayo yaliingia kwa mpigo 1791. Yale ya haki sawa kwa wanawake yalipita Kongresi (yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti kwa pamoja) 1972, majimbo 35 yakaridhia, halafu muda uliowekwa ukaisha 1982 bila kufika 38. Inauma, manake watu walihangaika miaka na miaka.

Huko majimboni sasa, kwa kawaida bunge la jimbo linapendekeza, wananchi wanapiga kura, wengi wakisema ndiyo basi imepita. California hata bunge unaweza kuliruka, unakusanya sahihi za wapiga kura hoja inaenda moja kwa moja kwenye kura. Alabama nao katiba yao ya 1901 ilirundikiwa marekebisho zaidi ya 900, mengi ya kaunti moja moja tu, na mimi hapo naona wamepitiliza, mambo ya kaunti yana sheria zake ndogo jamani.

Ila majimbo hayafanani. Novemba 2024 Missouri na Florida zote zilipigia kura haki ya kutoa mimba, Missouri ikapita na kama asilimia 52, Florida ikapata 57 ikaanguka kwa sababu wao wanataka 60! Na Delaware wananchi hawaulizwi kabisa, wabunge wanapitisha mara mbili, uchaguzi ukiwa katikati, basi.

Na hiyo ya taifa usidhani haiwezekani: 1971 umri wa kupiga kura ulishushwa hadi miaka 18, majimbo yakaridhia ndani ya miezi minne tu, kwa sababu vijana walikuwa wanapelekwa vitani Vietnam kabla hawajaruhusiwa kupiga kura na karibu kila mtu aliona hiyo si haki.