Waya mwekundu uko tundu gani? Kwa mnaoanza kupima vyombo vya anga za juu

Juzi, zamu ya usiku, nilimdaka kifundo cha mkono mdogo wangu mmoja. Waya mwekundu wa mita yake ulikuwa kwenye tundu la ampea, naye alikuwa anaupeleka kwenye pini za betri pale kwenye kisanduku cha kupimia. Sikumgombeza. Nilirudi kitini natetemeka, maana kosa lile ninalijua mpaka harufu yake. Basi nawaandikia nyote mlioingia chumba safi mwaka huu. Taratibu mmeshazisoma, sitawafundisha kuvaa koti.

1. Mita. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka wangu wa pili kazini, mchana, nilipima mkondo wa kifaa kidogo mezani, nikahamishia waya mwekundu kwenye tundu la ampea 10. Kazi ikaisha, mita nikaiacha kwenye toroli. Saa nne usiku nikaambiwa nihakikishe volti za njia kuu ya umeme ya setilaiti, ile ya volti 28. Nikageuza swichi ya mita kwenye volti, skrini ikasoma sifuri, nikaridhika. Lakini swichi haihamishi waya. Kati ya tundu la ampea na tundu la COM, lile la waya mweusi, kuna ukinzani mdogo sana, hata swichi ielekee wapi. Nilipogusa zile pini mbili, nilikuwa nimeipiga shoti betri yenyewe itakayoruka.

Kikasikika kitu kama kijiti kikavu kinavunjika. Cheche, ncha ya waya ikawa nyeusi, fyuzi ya mita ikakatika. Kikomo cha mkondo tulichoweka kwenye pawa saplai hakikufaa kitu, kwa sababu umeme ule ulitoka kwenye betri. Kompyuta ya chombo ikazima, ikawaka upya. Baada ya dakika kama mbili telemetria, yaani vipimo ambavyo chombo hutuma chenyewe, ikarudi, namba zote za kijani.

Ninalojutia hasa ni lililofuata. Mwenzangu alikuwa ameinama kabatini anatafuta kebo, hakuona. Nikanyamaza. Nikapangusa ile ncha, nikabadili fyuzi, nikajiambia ngoja kwanza nione kama kila kitu ni kizima, ndipo niseme. Nikatazama joto la betri, nikatazama mikondo, nikarudia tena. Dakika 25 zikapita. Nilipomwendea mkuu wa zamu aliuliza swali moja tu: "Saa ngapi hasa?" Sikuwa nimeandika. Tukakimbilia kinasa cha mkondo wa betri. Kilikuwa kinahifadhi dakika 15 za mwisho, kisha kinaandika juu ya za zamani. Mchoro wa mkondo ule ulikuwa umeshafutika.

Mnaelewa maana yake. Mchoro ule ungetuonyesha mkondo ulipanda mpaka ampea ngapi na kwa milisekunde ngapi. Tungelinganisha na uwezo wa swichi na fyuzi za chombo, tukalala. Bila mchoro ilibidi tuchukulie kwamba limetokea baya kuliko yote. Kwa wiki tatu wenzangu walifungua paneli, wakatoa sanduku moja baada ya jingine, wakapima upya kila kilicholishwa na njia ile. Dada mmoja wa timu ya betri alikosa mahafali ya mwanawe. Hawakukuta chochote kilichoungua. Mkuu wa zamu hakunifukuza. Aliniambia, "Mdogo wangu, shoti ningekusamehe usiku uleule."

Kwa hiyo ikitokea, paza sauti hapohapo, na mtu aandike saa na dakika kabla hamjagusa kingine.

2. Konekta. Shika mwili wake, usivute waya. Kila muungo uandikwe daftarini, na konekta kinga, zile za kati zinazochakaa badala ya konekta za chombo, zisitolewe mpaka muungo wa mwisho. Kagua pini kwa lenzi, jamani! Kwenye konekta ya pini 37, pini moja iliyopinda haionekani kwa kutupa jicho, na ukiisukuma itaigusa jirani yake.

3. Pawa saplai. Weka volti na kikomo cha mkondo kabla ya kuunga chombo, kisha pima kwenye ncha ya kebo, chanya na hasi.

4. Ukirekebisha, rudia jaribio. Hili mnaniambia muda wake haupo. Mars Polar Lander, chombo cha NASA cha kutua sayari ya Mirihi, kilipotea tarehe 3 Desemba 1999, na uchunguzi uliona sababu inayoelekea zaidi ni hii: miguu ilipofunguka angani, vihisi vya kutua vilitoa ishara ya uongo, programu ikaamini chombo kimeshagusa ardhi, ikazima injini kingali juu, mita kama 40. Jaribio la kufungua miguu lilikuwa limefanyika duniani. Ila siku ile vihisi vilikuwa vimeungwa vibaya, hivyo ishara ya uongo haikuonekana. Nyaya zikarekebishwa, jaribio la kufungua miguu halikurudiwa. Nikisoma habari hiyo huwa nawafikiria mafundi waliorekebisha zile nyaya vizuri kabisa, wakaenda nyumbani wakiwa na amani.

5. Mkanda wa mkononi, ule unaopeleka umeme tuli wa mwili wako ardhini, upimwe kila unapoingia. Usiseme hukuhisi kitu: mtu huanza kuhisi umeme tuli kwenye volti kama 3,000, na kuna vipuri vinavyokufa chini ya volti 100.

Mita yangu ya usiku ule bado ninayo, iko droo ya pili chini ya meza ya kupimia, iazimeni. Tundu la ampea nimeliziba kwa utepe mwekundu. Anayelihitaji aubandue, aubandike kwenye mkono wa koti lake pale anapouona, na asiondoke mezani mpaka ameurudisha tunduni.