Mnauliza, tunajibu: Nani anitengenezee tovuti ya biashara?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina kampuni ndogo ya usafi wa maofisi, tuko watu tisa, wateja wengi wanatupata kwa kuambizana tu. Juzi mteja mmoja mkubwa kaniomba linki ya tovuti yetu nikabaki nababaika maana hatuna. Nimeshaongea na watu watatu. Wa kwanza mpwa wangu, kamaliza chuo, anasema atanifanyia bure. Wa pili nimemuona mtandaoni, bei yake poa, anasema siku tatu tu iko hewani na ataifikisha namba moja Google. Wa tatu ni kampuni, wametaja hela mpaka nikatafuta kiti, halafu wakaniuliza maswali kibao sikuwa na majibu. Nimchukue nani? Mimi haya mambo sijui kitu.
Mama Usafi

JIBU: Nzuri tu dada yangu. Tuanze na huyu wa pili kwa sababu ndo rahisi. Hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia namba moja Google, na sio mimi nasema, Google wenyewe wameandika hivo kwenye maelekezo yao kwa wenye tovuti. Mtu akianza na ahadi ambayo haiko mikononi mwake, na zingine zitakuwa hivohivo. Siku tatu zinawezekana kabisa, atachukua tempuleti iliyo tayari abadilishe jina na rangi, na tempuleti sio dhambi, tovuti zaidi ya nne katika kila kumi duniani zinatumia WordPress, programu ya kutengenezea tovuti ambayo ilitoka mwaka 2003, na nyingi zimejengwa juu ya tempuleti. Muulize tu kama hizo tempuleti na plagini (vijiprogramu vya kuongezea tovuti uwezo) amenunua kihalali au kazitoa kwenye saiti za wizi, maana za wizi mara nyingi huja na virusi ndani na siku moja unafungua tovuti yako unakuta inatangaza kamari.

Sasa kuna kitu hujaniuliza na ndo kikubwa kuliko vyote: domeni itasajiliwa kwa jina la nani? Domeni ni ile anwani, jina la biashara yako na .com au mwisho mwingine. Yalinikuta mimi mwenyewe. Nilikuwa na kabiashara, jamaa akanitengenezea tovuti nzuri sana, kila kitu kasajili kwa imeili yake, mimi nafurahi sisumbuliwi. Mwaka wa pili akapata kazi sehemu nyingine, simu hapokei, domeni ikafika muda wa kulipiwa, notisi zinaenda kwake, na tovuti ikazima pamoja na imeili zote za ofisi kwa sababu zilikuwa zinategemea domeni hiyohiyo. Kadi nilikuwa nimeshachapisha boksi zima! Kwa hiyo kaa na yeyote utakayemchagua, fungua akaunti kwa imeili YAKO, lipa wewe, risiti ije kwako, halafu yeye umpe ruhusa ya kuingia kufanya kazi. Hostingi (pale mafaili ya tovuti yanapokaa) hivohivo. Na uwe na pasiwedi ya adimini (mwenye mamlaka yote ya tovuti), sio ile ya kuandika posti tu. Dizaina mzuri hatokasirika ukimwambia hivi, wengi ndo wanavyotaka, na akikasirika basi umeshapata jibu lako bure.

Hao wa kampuni sijui bei yao ni ya haki au la, ila yale maswali yaliyokukera mimi yamenifurahisha. Lazima walikuuliza wateja wako ni nani, unataka mtu akifungua tovuti afanye nini, picha unazo, maneno ataandika nani. Hilo la maneno na picha ndo linachelewesha tovuti nyingi kuliko ufundi wenyewe, mtu analipa advansi halafu anakaa miezi hajatuma hata maelezo ya huduma zake, kisha anamlaumu dizaina. Kaa jioni moja uandike: tunasafisha nini, wapi, mtu akitaka bei afanyeje. Kwa biashara yako namba ya simu inayobonyezeka na fomu ya kuomba bei zina faida kuliko picha zinazoruka ruka.

Kazi zao za nyuma usiangalie kwenye laptopu zao. Zifungue kwenye simu yako, kwa bando lako, tena ukiwa sehemu mtandao unasuasua. Google wana kipimo cha bure kinaitwa PageSpeed Insights, unaweka linki kinakuambia tovuti inafunguka haraka kiasi gani. Kwa viwango vyao kile kitu kikubwa kwenye ukurasa kinatakiwa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Halafu wapigie wateja wao wawili wa zamani uulize mambo ya BAADA ya tovuti kukamilika: ikiharibika wanapokea simu? Bekapu (nakala ya akiba) ipo? Kama wamekuandikia hela ya cheti cha usalama (kile kinachofanya anwani ianze na https) uliza kwa nini, kwa sababu tangu Let's Encrypt, huduma inayotoa vyeti hivyo, ianze 2015 vyeti vya bure vipo na kwa tovuti kama yako vinatosha.

Mpwa wako nae usimdharau. Shida ya bure ni kwamba huwezi kudai, utamuuliza mara moja, mara mbili, mara ya tatu unaonekana unamsumbua mtoto wa watu. Mlipe kitu hata kidogo, muandikiane karatasi moja: kurasa ngapi, lini, marekebisho mara ngapi, na kwamba kazi ikiisha ni mali yako, maana nchi nyingi haki ya kazi hubaki kwa aliyeitengeneza kama hamjaandikiana. Malipo yaende kwa awamu, ya mwisho utoe ukishaingia mwenyewe kwa pasiwedi zako. Mimi ningekuwa wewe ningempa yeye kwa masharti hayo, kurasa nne tano za kampuni ya usafi hazihitaji jeshi.

SWALI: Kaka, nimechelewa, domeni yangu ya .com iko kwa jina la dizaina na hapatikani. Nifanyeje?
Msomaji

JIBU: Pole ndugu, naijua hiyo. Ingia kwenye ukurasa wa kutafuta domeni wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, andika jina la domeni yako, utaona imesajiliwa kupitia kampuni gani na inaisha lini. Waandikie hao ukiambatanisha risiti, mkataba, karatasi za usajili wa biashara, chochote. Ukimpata dizaina omba namba ya siri ya kuhamishia domeni (auth code), aidha yeye aitoe kwenye akaunti yake au aiombe kwa kampuni, ambayo inatakiwa kuitoa ndani ya siku tano. Ila angalia ile tarehe ya kuisha kwanza, ikishapita na ikafutwa bado kuna siku 30 za kuikomboa, lakini mwenye akaunti ndo anakomboa na hela yake ni nyingi, kwa hiyo anza leo.